Koki ya Nasser Makaratasi

Pikipiki ya Nasser ilianza kukojoa mwezi wa Rajabu. Naomba radhi kwa neno hilo, lakini ndilo alilolitumia mkewe, Rukiya, ambaye amewasomesha watoto wa Kibokoni Qur'ani kwa miaka ishirini, na mimi si wa kumtafutia mwalimu neno la adabu. Tone moja, kimya. Tone la pili, kimya. Ikifika alfajiri, duara la petroli limetanda kwenye sakafu ya daka, pale baina ya mlango wa barabarani na mlango wa ndani, ambapo piki hiyo hulala kama mgeni aliyekuja kusalimia akasahau kuaga.

Nasser ana miaka sitini na saba, mwembamba kama mwiko, na kofia yake ya viua huivua kwa mambo mawili tu: kuoga na kinyozi. Mtaani aitwa Nasser Makaratasi, kwa sababu kazi aliyoifanya tangu ujana wake hadi ndevu zilipogeuka pamba ilikuwa moja. Kampuni ya mizigo kule Shimanzi ilimwandika mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu, ikampa pikipiki ya Kijapani yenye tangi jekundu na mkoba wa ngozi, ikamwambia: kimbia. Akakimbia. Maghalani hadi bandarini, bandarini hadi forodhani, forodhani hadi benki, kisha arudi Shimanzi ale samosa moja na aanze upya. Meli nzima ya mchele iliweza kukaa gatini imenyamaza kwa sababu karatasi moja yenye mhuri iko mgongoni mwa Nasser, na Nasser amebanwa nyuma ya lori. Alijiona mtu mkubwa. Na kwa dakika kumi na tano hivi kila siku, alikuwa mtu mkubwa kweli.

Kisha ikaja kompyuta, karatasi zikaanza kujipeleka zenyewe. Kampuni ikamwita ofisini, ikamlisha keki, ikapiga makofi, ikampa ile piki iwe yake.

"Wenzangu walipewa saa za ukutani," husema. "Mimi nilipewa kitu kinachokwenda."

Sasa koki. Koki ni kile kimfereji kidogo kilichoko chini ya tangi, chenye kimkono cha kugeuza. Ukikigeuza huku, petroli yashuka. Ukikigeuza kule, yasimama. Na upande wa tatu ni rizavu, yaani akiba ya mwisho waliyowekewa watu wasiohesabu mambo yao. Nasser hakupata kukitazama kimkono hicho hata siku moja. Injini ikikohoa, mkono wake ulishuka wenyewe, ukageuza, na piki ikapona kabla haijafa, hata kama ni katikati ya mzunguko wa Makupa na malori yamemzunguka kama wakwe. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimpakia Rukiya nyuma, kakaa upande, buibui limebanwa magotini. Injini ilipokohoa, bibi arusi akapiga shahada. Hajaifikia nusu, piki ishachanganya.

"Nikadhani nimeolewa na fundi," asema Rukiya. "Kumbe nimeolewa na dereva."

Na ni kweli. Nasser hajui kutengeneza kitu. Miaka yote ile fundi alikuwa wa kampuni. Yeye kazi yake ilikuwa kufika.

Ndani ya koki mna mpira mdogo wa duara, wenye matundu manne, usiozidi sarafu ya shilingi kumi. Mafundi huuita wosha. Mpira huo ukizeeka hukakamaa, hupasuka, na petroli hupenya. Basi. Ugonjwa wote ulikuwa huo. Katika nyumba nyingine ungetibiwa kwa kopo la maziwa kuwekwa chini ya piki, na Nasser aliliweka. Lakini nyumba ya Kibokoni ina chetezo.

Chetezo ni makaa ya moto, tusidanganyane kwa harufu nzuri. Ni makaa yanayobebwa mkononi na mwanamke aliyefumba macho nusu kwa ajili ya moshi wa udi, akikipitisha kila pembe, juu na chini, daka likiwamo. Nasser, ambaye huogopa moto kwa sababu mbili, dini na petroli, akapiga marufuku udi nyumbani mpaka koki ipone. Wiki ya kwanza Rukiya akanyamaza. Ya pili akanyamaza zaidi. Wiki ya tano mgeni mmoja akanusa, akatazama dari, akauliza kwa huruma kama nyumba hii imepungukiwa.

Imepungukiwa! Neno hilo lilimfika Rukiya mahali ambapo petroli isingefika.

"Nasser," akamwambia jioni ile, "Alhamisi ya wiki ijayo kisomo ni kwangu. Wanawake ishirini. Ikishaswaliwa alasiri chetezo chawaka, na kitapita juu, kitapita chini, kitapita dakani. Mimi sitakuja kuripuka kwa ajili ya chombo cha Shimanzi. Ikiwa yavuja siku hiyo, piki itoke."

"Itoke iende wapi, Rukiya?"

"Muulize mwanao."

Mwanawe, Sami, auzaye simu Makadara, alikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe lilikuwa na jina: Riyadh. Riyadh ni kijana wetu aliyerudi kutoka Dubai na ndevu zilizochongwa kwa rula, akafungua mkahawa ambapo kikombe cha kahawa ni bei ya kuku mwenye afya. Kuta zake amezitundikia vitu vya kale: cherehani, redio, mizani ya duka la marehemu babake, hata mlango usio na nyumba. Alikuwa akiitaka ile piki kwa miaka miwili. Aipake rangi ya samawati, aitundike, watalii wapige picha.

"Baba, hawaitupi," Sami akamwambia. "Wanaitundika tu."

"Na mtu akitundikwa, Sami, hufanywaje?"

"Si mtu, baba."

"Ndiyo maana haijajitetea."

Wakakubaliana hivi: koki ikinyamaza kabla ya alasiri ya Alhamisi, piki yabaki dakani hata Nasser azikwe nayo. Isiponyamaza, mkokoteni wa Riyadh waja. Nasser akatia ahadi kwa sababu aliona siku kumi ni nyingi. Mtu asiyejua kutengeneza kitu huona siku kumi ni nyingi.

Sisi wa barazani tulimsaidia kadiri ya uwezo wetu, yaani tulimpotezea siku tatu. Mbele yetu sote ni Kamaludin, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye hajapata kumiliki kitu chenye gurudumu.

"Hiyo si koki, Nasser. Ni tangi. Tangi hupata joto mchana, usiku lapumua."

"Lapumua petroli?"

"Kila kitu hupumua kilicho nacho, yakhe."

Likazuka na suala la pili: je, tone la petroli likiangukia kanzu, swala yaswihi? Tulilijadili tangu magharibi hadi isha. Tukaafikiana kuwa petroli si najisi, ila aliyerukiwa nayo asisimame safu ya mbele, kwani Imamu ana pumu. Nasser akashukuru, akaenda nyumbani kubadilisha kopo.

Siku ya nne akajaribu sabuni. Kipande cha sabuni ya kufulia, ukikisugua penye ufa, huzuia petroli kwa ajabu. Kila mwenye boda wa Mombasa aijua dawa hiyo. Koki ikanyamaza siku nzima. Nasser akatembea mtaani kama daktari. Asubuhi yake akageuza kimkono ili aipashe moto injini, sabuni ikapasuka, ikaanza upya, safari hii na povu.

Siku ya tano akaenda Makadara kununua koki mpya. Muuza spea akamtolea tatu, zote za pikipiki za siku hizi, na hapana hata moja ambayo matundu yake ya skrubu yalikutana na matundu ya tangi.

"Ami, badilisha tangi."

"Na koki ikikataa tangi hilo?"

"Hapo badilisha piki kabisa. Njoo nikuoneshe."

Nasser akatoka mbio kabla hajashauriwa abadilishe mke.

Siku ya sita akakata wosha yake mwenyewe kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kwa mkasi wa Rukiya, bila ya idhini. Matundu manne akayatoboa kwa msumari wa moto. Ilikuwa kazi nzuri ya mikono, na ilipendeza macho. Lakini mpira wa baiskeli haukuumbwa kuogelea petroli. Baada ya siku moja ulikuwa umefura kama mahamri, kimkono kikakwama, hakiendi huku wala kule. Tone likaendelea.

Hapo ndipo akaenda kwa Ogutu, jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza kama asingekuwa na marafiki.

Ogutu ni mtu wa Siaya, yuko Makadara mwaka wa ishirini huu, gereji yake ni ukuta, mwavuli na sanduku. Hupiga mluzi nyimbo za kanisani anapofanya kazi, na akinyamaza ujue spea haipo. Alikuja, akaitoa koki, akaifungua, akaushika ule mpira uliofura kwa vidole viwili, na mluzi ukakatika.

"Mzee wangu. Hii ni nini?"

"Wosha."

"Hii ni chakula." Akautupa. Akaokota ule wa zamani, mkavu kama biskuti. "Na hii ilikufa kitambo. Mzee, hapa ulikuwa unabembeleza maiti."

"Yapatikana nyingine?"

"Ya hii piki? Hata wenyewe Wajapani wameisahau." Akaona uso wa Nasser, akalainika. "Wacha niulize Shimanzi. Kuna jamaa anasafisha stoo ya spea za kizamani. Nipe mpaka Jumatano."

Jumatano alasiri Nasser aliipata. Ilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya nta, nyeusi, laini, matundu manne sawasawa, haijapata kuguswa na petroli tangu izaliwe. Ogutu alimwekea kwenye bahasha ya kaki, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mzee, hii ndiyo ya mwisho Mombasa nzima. Ukiipoteza usiniite mimi, ita mchungaji."

"Na wewe huji kuitia?"

"Kesho asubuhi niko Shimanzi, kuna lori imelala na mzigo. Koki tayari iko kwa tangi, ile sahani ya mbele tu ndiyo iko wazi. Wewe funga mwenyewe. Skrubu mbili! Matundu ya raba yatazamane na matundu ya koki, basi. Ukimaliza kufunga, mimi nakuja saa tisa na lita tano, tunajaribu kabla hao akina mama wafike."

Nasser akarudi Kibokoni na ile bahasha kifuani, na nawaambia alitembea kama zamani, kama mtu mwenye karatasi inayongojewa na meli.

Alhamisi ilikuwa ya mwezi wa Shaabani, na Nasser hufunga Jumatatu na Alhamisi. Akala daku, akaswali, akavaa miwani, akaketi juu ya kigoda mbele ya piki yake. Akaitoa wosha, akaitazama. Chini ya piki, hatua mbili, pana tundu la kupitishia maji ya deki, na Nasser aliliona tundu hilo likimkodolea. Ikidondoka, yabingirika, ikibingirika, yaingia. Akairudisha bahashani, bahasha akaitia mfuko wa kanzu. Ile sahani ya mbele akairudishia mahali pake, akazikaza skrubu kwa vidole tu, zisije zikapotea. Akasema ataifanya kazi hii baada ya adhuhuri, akiwa na udhu na utulivu.

Utulivu aliupata kupita kiasi. Msikitini, swala ilipokwisha, akalala chini ya feni kwa dakika tano, na dakika tano za mtu aliyefunga zinajulikana.

Kule Shimanzi, lori lililolala likaamka mapema. Saa nane kasoro robo Ogutu alikuwa mlangoni Kibokoni na dumu lake la lita tano. Piki hiyo hapo, koki mahali pake, sahani juu yake, skrubu mbili ndani. Akabisha.

"Yuko msikitini!" Rukiya akajibu kutoka uani, ambako alikuwa ameshawasha makaa mapema, maana makaa ya chetezo hayataki haraka.

Ogutu, ambaye ni fundi muungwana na hatii petroli ya watu bila kuuliza, akapiga simu. Nasser akaamka chini ya feni. Mazungumzo yao nimeyasikia kwa kila mmoja wao, mbalimbali, na wote wawili waliyasimulia vilevile neno kwa neno, ndiyo maana hakuna wa kumtia makosani.

"Mzee, habari ya mchana. Umefunga?"

Nasser alifurahi. Mkristo wa Siaya, katikati ya kazi zake, akumbuke Alhamisi!

"Nimefunga, alhamdulillahi."

"Poa. Saa ngapi?"

"Ah, tangu alfajiri."

"Tangu alfajiri! Mzee wewe ni noma. Na imekaza?"

"Imekaza kidogo, na joto hili. Lakini twavumilia."

"Kukaza ni muhimu. Kwa hivyo hakuna shida yoyote?"

"Hakuna, babangu. Kiu tu."

Ogutu akacheka. Akaitazama piki, na tangi lake tupu.

"Hiyo kiu naimaliza saa hii!"

"La, la, mpaka magharibi—" Nasser akasema, lakini simu ilikuwa ishakatwa.

Ogutu akaondoa kifuniko, akamimina. Lita tano zote, polepole, bila kumwaga hata tone, akipiga mluzi wa sifa na kuabudu. Akakirudisha kifuniko. Kisha akasikia kitu kama mvua.

Koki isiyo na wosha haivuji. Kuvuja ni kwa koki yenye haya. Hii ilifunguka mzima mzima: petroli ilitoka juu, chini na kando, ikaruka kwenye mkono wa Ogutu, ikajaza kopo la maziwa kwa kufumba na kufumbua, ikafuata mteremko wa sakafu, ikagawanyika. Mkono mmoja ukaelekea barabarani, mmoja ukaelekea uani. Ogutu akaishika koki kwa viganja vyote viwili kama mtu amzibaye mtoto mdomo, ikampitia baina ya vidole. Bisibisi ilikuwa mfuko wa nyuma na mkono wa kuichukua haukuwapo. Kisha akainusa harufu ya makaa.

"Mama! Moto! Moto, mama!"

Rukiya alisikia "moto". Mwanamke wa Mji wa Kale akisikia moto haulizi wa nini. Alitoka uani na ndoo nzima ya maji, akamkuta mwanamume ameinama juu ya pikipiki, akamwagia.

"Si mimi!" Ogutu akalia, maji yakimchuruzika. "Jiko! Zima jiko, mama! Hii ni petroli!"

Hapo Rukiya akafahamu. Akarudi mbio, na kwa sababu ndoo ilikuwa tupu akalizima jiko kwa kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa sufuria ya tui aliloliandaa kwa ajili ya wageni. Ukatoka mvuke, likanuka tui lililoungua, na Mwenyezi Mungu akatunusuru sote, tangu Kibokoni hadi pengine Makadara.

Kelele za moto zikamfikia Nasser msikitini, akaja anahema, mguu mmoja una kiatu chake, wa pili una kiatu cha mtu mwingine wa msikitini. Barabara ilikuwa imejaa. Wanawake wa kwanza wa kisomo, waliowahi kuja kusaidia kupika, walikuwa wamesimama mbali, wameinua mabuibui. Ogutu alikaa kizingitini, ameloa, dumu tupu mapajani.

"Mzee," akasema, karibu kulia, "si uliniambia umefunga?"

"Nimefunga!"

"Sasa kama umefunga..."

"Nimefunga mimi, Ogutu! Mimi! Leo Alhamisi! Saumu!"

Tulimwona Ogutu akiirudia ile simu kichwani, neno kwa neno.

"Na ile kiu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kiu yangu!"

Nasser akaitoa ile bahasha mfukoni, akaifunua mbele yetu sote. Wosha ilikuwamo, laini, nyeusi, salama. Ilikuwa ndicho kitu pekee mtaani siku ile ambacho hakikunuka petroli.

Kamaludin hakuweza kujizuia. "Kosa si la Nasser," akatangaza, "wala si la fundi. Kosa ni la kitenzi. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga spea, hufunga Ramadhani. Lugha nzima, na twategemea neno moja. Lau kama—"

"Kamaludin," Rukiya akasema, "hicho kitenzi chako kije kipige deki."

Ndilo neno kali pekee alilolisema. Hakumgombeza Ogutu, alimpa taulo. Hakumgombeza Nasser. Alikaa juu ya baraza ya jirani, mikono yake inanuka tui na moshi.

"Nimechoka, Nasser," akasema.

Nasser angetoa chochote apigiwe kelele. Kelele angezijibu.

Kisomo kikahamia nyumba ya tatu. Tulikuwa bado twapiga deki alasiri ilipoadhiniwa, Sami akaja, na nyuma yake mkokoteni, na wachukuzi wawili wa Riyadh.

"Nipe dakika kumi, mwanangu. Wosha hii hapa. Skrubu mbili."

"Baba, petroli ishafika kwa jirani."

"Dakika tano."

"Baba." Sami hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na huruma haina mlango wa kubishia. "Ulitia ahadi."

Nasser akatutazama sisi wa barazani, mmoja mmoja. Tulikuwa na maoni juu ya kila kitu kwa siku kumi. Siku hiyo kila mtu aliona kitu cha kutazama juu ya mapaa.

Wale wachukuzi hawakujua kuishika piki. Mmoja aliivuta kwa kioo, wa pili akaisukuma nayo ina gia. Nasser aliwatazama kidogo, kisha hakuweza kuvumilia. Akaenda akaitoa gia, akawaonesha pa kushika, akawapa tambara waiweke chini ya tangi lisikwaruzwe na kamba. Yeye ndiye aliyeipakia vizuri. Mkokoteni ulipokata kona, alikuwa bado anawaambia wapunguze mwendo.

Siku tisa baadaye Riyadh alimtumia ujumbe. Piki ishapakwa rangi, ishatundikwa, wageni waipenda, ila ile sahani ya koki imelegea, yaning'inia, na picha haziji vizuri. Je, ami aweza kuja kuikaza?

Aliniomba nifuatane naye nimshikie ngazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mkahawa umejaa nusu. Piki ilikuwa juu ya ukuta wa ndani, samawati tupu, hata matairi. Nasser akapanda. Akazifungua skrubu, akaitoa ile sahani, akaitoa na bahasha. Akaitia wosha, akaizungusha taratibu hadi matundu manne yakatazamana na matundu ya koki. Akarudisha sahani, akakaza skrubu moja nusu mzunguko, ya pili nusu mzunguko, akarudi ya kwanza. Akajaribu kimkono. Kiligeuka laini, kwa mkwaruzo mdogo, sauti ambayo alisema hakuisikia tangu mwaka wa tisini. Ilimchukua dakika sita.

"Riyadh," akaita kutoka juu. "Nipe petroli. Kikombe kimoja tu. Nione kama yashika."

"Petroli, ami? Humu ndani?" Riyadh akatazama meza zake, sauti akaishusha. "Watu wa bima watanila nyama."

"Nitaitoa mara moja."

"Siwezi, ami. Wallahi siwezi." Naye ni kijana mwema, hakutaka kumwacha mzee juu ya ngazi hivihivi. Akaenda jikoni, akarudi na jagi. "Maji haya hapa. Tia maji ujaribu. Si yatavuja vilevile?"

Nasser alilitazama lile jagi kama mtu aliyepewa sumu kwa sahani ya heshima.

"Maji hayatiwi kwenye tangi, babangu. Litashika kutu."

"Sawa, ami," Riyadh akasema kwa upole. "Likishika kutu, kwani litakwenda wapi?"

Nasser akaigeukia koki tena. Riyadh, jagi mkononi, akaitwa meza ya dirishani, akaenda nalo, akawajazia wageni glasi.

"Washuka, ami?" nikamwuliza.

"Ngoja."

Nikangoja, nimeishika ngazi. Alikuwa ameinama, uso karibu na koki, akiitazama chini yake, pale ambapo tone hutokea. Palikuwa pakavu. Ndani ya tangi hamkuwa na kitu.